Kopo ya Nyanya kwenye Matanga

Tulipokimbia vita ya Djugu, mujukuu wangu alikuwa na miaka kumi na tano. Tulifika Bunia siye wawili tu, tukapanga nyumba ya udongo huku mutaa wa Mbunya. Kwetu alikuwa musichana wa kelele, wa kucheka mpaka unamufukuza jikoni. Huku alijifunza kunyamaza, kwa sababu akifungua mudomo tu watu wanajua kabila letu.

Wengine wanasema watoto wanakunywa pombe kwa kukosa adabu. Mimi nilimulea kwa adabu. Nasema kile niliona.

Jirani yetu alifiwa na bwana yake, tukaenda kwenye matanga kama watu wote. Mujukuu wangu alichota maji tangu asubuhi, akaosha masufuria, akasonga bugari ya watu wengi. Wakati wa chai vikombe vilikuwa vichache, basi kila kimoja kilizunguka, ukimaliza unamupa mwenzako. Ndivyo tunafanya. Kilipofika kwake, binti ya marehemu akakichukua, akamuletea kopo ya nyanya, ile ya bati.

"Weye utakunywa mu hii. Hatujue bantu benu banaweka nini mu vikombe."

Wasichana wenzake wakacheka. Mama mumoja akasema, "Mumuache, iko mutoto tu." Lakini hakuna aliyemupa kikombe. Nilimushika mukono, tukatoka. Alikuwa hajala.

Masomo akaacha. Jioni akaanza kurudi na harufu ya kaikpo, pombe yetu kali ya muhogo. Nilimupiga. Nilimufungia mulango. Nilimupeleka kwa pasta, akamuombea, na kesho yake harufu ilikuwa ileile.

Siku moja muchana nilimufuata. Nyuma ya sehemu ya kuuzia mbao vijana walikuwa wamekaa chini, wa kabila letu na wa makabila mengine, macho mekundu. Walikuwa na kikombe kimoja cha plastiki. Kijana wa kabila la wale jirani wa matanga alikunywa, akamupa mujukuu wangu bila kupangusa, na yeye akakipokea akicheka. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau.

"Koko, ikala," mumoja akaniambia kama niko bibi yake, akinisogezea ubao nikae. "Tukupe kidogo, magoti yapone?"

"Nipe mujukuu wangu. Magoti utaniachia."

Mujukuu wangu akasimama, akanifuata akiyumba. Njiani akaniuliza, "Koko, nikiacha, kesho nitaikala na nani?"

"Na mimi," nilisema.

Akatabasamu kidogo, vile mutu anatabasamu kwa kumuheshimu muzee.

Kesho yake sikuenda sokoni. Tulikaa tukichambua maharagi, yeye akiangalia mulango. Jua lilipoanza kushuka akapangusa nguo yake, akasema, "Ninaenda, Koko." Nje, wasichana wa jirani walikuwa wanasukana nywele na kupiga hadisi. Walipomuona wakanyamaza, wakangoja apite.