Mtungi Uliokatwa Shingo

Harufu ya plastiki iliyopigwa na jua hunirudisha Kakuma mara moja, kwenye mfereji wa maji wa mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi, ambako mitungi ya manjano ilitupangia foleni sisi tukiwa darasani. Kiangazi kile mwalimu wetu wa historia, Mrundi mwembamba aliyezoea kucheka pasipochekesha, alitufundisha mapinduzi ya Ufaransa. Walipindua mara ya kwanza, wakamkata mfalme kichwa. Wakapindua tena, wakamtawaza binamu wa wafalme walewale. Mara ya tatu wakapiga kura, na waliyemchagua akajivika taji la kaizari. "Haya, linganisheni," akasema. Vitabu hatukuwa navyo, basi tukaenda kulinganisha mferejini.

Mfalme wetu alikuwa Lokwang, mvulana wa mabega mapana ambaye mtungi wake ulikuwa wa kwanza hata akichelewa. Tulimvamia asubuhi moja, tukaukata mtungi wake shingo kwa panga. Alilia, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Akashika usukani binamu yake Ekiru, mwenye maneno matamu. Mtungi wake ulianza mwisho, ukasogea katikati, kisha, lo, ukawa mbele! Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini nani angetuambia? Panga likafanya kazi tena. Ndipo tukapiga kura kwa vijiwe, tukamchagua Safi, jirani yetu, Mkongo kama mimi, msichana aliyewatetea wadogo hadi machozi yakamtoka. Tulimsifu mno. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Safi akaamua panga litunzwe kwao, na mtungi wake ukahamia mbele.

Juma lile mama alikuwa amejifungua, na nyumbani mtungi ulikuwa mmoja tu. Nilimwomba Safi, "Dada, leo nitangulie. Mtoto hajaogeshwa."

"Hata mimi nina mama," akajibu.

"Basi mbona wewe uko mbele kila siku?"

Akaunyooshea kidole mtungi wetu, na wale wale niliocheka nao wakashangilia. Shingo ikaanguka vumbini. Mwalimu alikuwa akipita na baiskeli. Akasimama, akatazama, akasema, "Vizuri, somo mmelielewa," akaenda zake. Nilimchukia, na namchukia mpaka leo. Mama hakunipiga. Alijifunga kanga, damu ya uzazi haijakauka, akachukua sufuria akaenda kuchimba mchanga wa laga, ule mto mkavu. Alirudi jua likiwa utosini na maji ya matope yasiyofika nusu ya sufuria.

Siku hizi nafundisha historia Lodwar. Nina mfereji uani, na watoto wangu huuacha ukitiririka hadi nawafokea. Darasani nasomesha mapinduzi yaleyale matatu, na hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza ni yapi yaliyokuwa bora. Vitabu vina majibu marefu. Mimi husema ya kwanza. Wakitaka kujua kwa nini, huwaambia kweli: siku hiyo nilicheka, kwa kuwa mtungi uliokatwa haukuwa wetu.