Matairi ya Uvunguni

Ninayemwandika hapa ni Kobe Haendi Mtaroni, mwana wa Mpiga Lami, mjukuu wa Mchukuzi. Babu yetu Mchukuzi alibeba magunia ya chumvi kichwani na hakudondosha hata moja. Baba yetu Mpiga Lami alikuwa miongoni mwa waliopasua barabara ya mteremko mkubwa, na mtaro wake aliupanga kwa mkono, jiwe kwa jiwe. Naye huyu, mdogo wangu niliyemwachia ziwa, aliendesha lori la saruji miaka ishirini na miwili katika mteremko huo huo bila kumwaga tone la damu. Hayo sikusimuliwa. Mimi ndiye dada yake mkubwa, na kichwa changu hakijaanza kuvuja.

Jina la Kobe alilipata kwa matairi. Madereva wengi huchagua tairi kwa kusikia, fulani kasema. Yeye alichagua kwa makalio, ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa sababu dereva huisikia barabara kupitia kiti kabla ya macho kuiona. Alianza na aina moja iliyolia kwenye lami kama mtoto mwenye njaa, akaiacha. Ya pili ilikwenda vizuri kiangazi, lakini ikiona tope inacheza ngoma. Ya tatu ikawa kipara kabla ya mwaka kwisha. Zile za jina la Umeme, zilizofungwa na kila mtu, alisema ni ngumu, zinamrusha roho kwenye kona. Kisha akafunga Kobe, zile zenye alama ya kobe ubavuni. Siku moja ya mvua lori la mbele yake likamwaga mafuta kwenye kona ya chini. Magari mawili yakaenda mtaroni. Lake lilitikisika mara moja, likashika, likapita. Akashuka, akalibusu tairi mbele za watu.

Fundi wa matairi wa mtaani kwetu, Pancha, hakumwacha apumzike.

"Mzee, tairi ni mpira, si mke."

"Na mke nilimchagua hivyo hivyo," akajibu. "Nilimwangalia kwanza kwenye utelezi."

Baadaye Kobe zikaacha kuletwa. Duka lililoziuza lilipofungwa, yeye alikuwa ameshastaafu, ana gari dogo tu. Akanunua mbili za mwisho za gari hilo, akazifunga kabisa kwenye rimu, akazifunika blanketi, akazisukuma uvunguni mwa kitanda. "Za siku ya shida," akasema. Wifi yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia wageni, "Mimi nina mke mwenza, ila adabu anayo, analala chini." Zilikaa pale miaka kumi na moja. Wifi alikufa, kitanda kikabadilishwa, zenyewe zikabaki. Gari lilitembelea Umeme, na kila kona alizitukana.

Siku ya shida ilikuja asubuhi, mvua inanyesha. Binti yake wa pekee, mwalimu, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mimba yake ya kwanza. Mkunga wa zahanati alimpapasa tumbo, akatutokea nje na uso mwingine.

"Mtoto amelala kingamo, hakutanguliza kichwa. Hapa hatuwezi kupasua. Mfikisheni hospitali kubwa kabla ya saa sita. Gari la wagonjwa limeondoka alfajiri na mtu mwingine."

Hospitali kubwa iko ng'ambo ya mteremko, mwendo wa saa moja na nusu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Tukamrudisha nyumbani, gari lilikokuwa, lakini ndugu yangu hakuliwasha. Aliingia chumbani, akapiga magoti, akatoka anabingirisha Kobe.

"Kwa Umeme sishuki mteremko na mwanangu," alisema.

Pancha akaja mbio na pampu yake. Alipomaliza kujaza upepo alipitisha kidole ubavuni mwa tairi, akasita.

"Mzee, soma mwenyewe. Namba nne hizi, mbili za juma, mbili za mwaka. Tairi hili lina miaka kumi na moja."

"Halijakanyaga hata kokoto!"

"Mpira hauzeeki kwa kutembea tu. Hata aliyelala kitandani anaota mvi."

"Nani amekufundisha maneno hayo?"

"Wewe, mzee. Mwaka ule nilipofungua kibanda."

Hapo nafasi ya kuziacha ilikuwapo. Ndugu yangu alisimamisha kidole gumba juu ya namba. Mimi, niliyekuwa nimemshika binti kiunoni, ndiye niliyesema, "Pancha, wewe unaziba matobo. Huyu ni dereva. Funga tairi tuondoke." Naliandika hilo kwa mkono wangu, asije mtu akadhani nimelisahau.

Pancha akafunga zote mbili, mbele. Tairi la akiba kwenye buti lilikuwa Umeme. Akalipiga kofi. "Na wewe kaa macho," akaliambia.

Mpaka kona ya juu Kobe zilitulia. "Mnaona?" alisema ndugu yangu. "Zinakumbuka." Binti alikuwa ameuma upindo wa nguo yangu. Kwenye kona ya tatu kikalia kishindo. Tairi la kushoto lilibanduka ngozi yote kama gome la mti mkavu, gari likazunguka, likainamia ubavu mmoja, magurudumu ya kushoto ndani ya mtaro. Mtaro wa baba. Naye Kobe Haendi Mtaroni akiwa kwenye usukani.

Jeki ilizama kwenye tope. Akaweka jiwe chini yake, likateleza. Akavua koti, akaliweka, likazama nalo. Binti akaanza kuita.

"Baba, nasukuma bila kutaka. Baba, fanya haraka."

"Nafanya, mama. Nafanya."

Ndugu yangu alikuwa analia, na spana haikai kwenye nati. Miaka ishirini na miwili ya kufungua nati, na siku ile mikono ilikuwa ya mgeni. Magari mawili yalipita bila kusimama. La tatu, lori la mchanga, lilisimama, dereva akainama dirishani.

"Kobe? Wewe?"

Akashuka. Alituvuta kwa kamba hadi juu ya lami, akaifunga ile Umeme kwa mikono yake. Kwa tairi lililotukanwa miaka yote tukafika, saa saba imeshapita.

Binti alipasuliwa, akapona. Mtoto, wa kike, alitolewa ameshanyamaza. Daktari alisema, "Mngewahi kidogo." Alilisema kwa upole, na ndiyo maana halinitoki masikioni.

Tangu hapo gari lilikaa uani. Binti hakumtukana baba yake. Afadhali angemtukana. Alipokea sahani ya chakula, akasema "asante, baba," akafunga mlango. Naye alikaa kwenye kigoda kando ya gurudumu, anasugua zile namba nne kwa kidole kama anayetaka kuzifuta. Siku moja akaniambia, "Dada, nilijua. Nilipozisoma nilijua. Ila Kobe zilinishika siku ile ya mafuta, nikaona haya kuzikana mbele za watu." Mimi nami nilikuwa na haya zangu.

Mwezi wa nne baada ya hapo jirani yetu mshonaji aliingia uani asubuhi, futi ya kupimia bado shingoni. Mkaza mwana wake alikuwa ameshikwa na uchungu, zahanati imesema hospitali kubwa. Ndugu yangu akainuka na ufunguo, akatazama mikono yake, akaketi tena. Mlango wa chumba ukafunguliwa. Binti alikuwa amevaa viatu.

"Lete, baba. Si wewe uliyenifundisha kuendesha?"

Alimpa ufunguo, lakini hakuuachia.

"Kwanza piga magoti kwenye kila gurudumu," alisema. "Soma namba kwa sauti, nisikie. Jina usilisome. Zile Umeme mbili zilizofunguliwa siku ile ziko kwa Pancha, zina mwaka mmoja. Lililozeeka ling'oe, hata likiwa Kobe, hata mimi nikikushika mkono. Kila safari, mama. Kazi hiyo ni yako sasa."