Baba Anapotea Akiguswa

Jumamosi ya pili ya Machi. Asubuhi mvua ilishuka kutoka milimani ikatuachia matope mpaka mlangoni. Saa tano jua likawaka kana kwamba halikuhusika.

Leo shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa anakuja kutoka Bwera kumwona kaka yake. Kaka yake yuko kwenye kompyuta yetu. Kompyuta yetu ya zamani niliipanga mwenyewe kwamba ikiachwa bila kazi ionyeshe picha za baba, moja baada ya nyingine: baba na kahawa yake, baba na kofia, baba amesinzia harusini. Ilikubali, sijui kwa nini. Shangazi kila akija humpapasa shavu kwenye kioo, humpa habari za Bwera, ndipo hukaa kula.

Wiki hii nimenunua kompyuta nyingine kwa jirani yetu, afande wa kambini. Ikiachwa, ilitoa giza tu na maneno kwamba hakuna picha. Nikamwambia mke wangu afande ametuuzia jiwe. Lazima niandike haki: afande alikuja, akatazama, akasema, "Picha iko wapi? Lete picha." Kweli, nilikuwa nimehamisha njia ya mkato ya folda ya picha peke yake. Yaani nilibeba kibao cha kuonyesha nyumba, nyumba yenyewe nikaiacha kwenye kompyuta ya zamani. Nikaleta picha kwa flashi, nikaionyesha kompyuta folda mpya, na baba akatokea, amesinzia harusini. Nilijisifu kidogo. Nadhani zaidi ya kidogo.

Shangazi akafika, akavua viatu vya matope, akaenda moja kwa moja kumgusa shavu. Baba akapotea.

Tukangoja, akarudi. Akamgusa, akapotea tena. Kioo hiki kinasikia vidole, na kikiguswa picha huondoka; nilijua hivyo tangu kununua, nikaona ni faida. Nilimweleza shangazi, lakini maelezo yangu hata mimi hayakunitosha. Akachukua mfuko wake.

"Kaka yangu amenikataa," akasema. "Siwezi kula kwa nyumba yenye nimekataliwa."

Afande, aliyekuwa amerudi kuitazama kompyuta na bado anasubiri chai, akataka kusaidia. "Mama, mikono nyuma. Angalia tu."

"Mimi siko askari yako. Kwenu watu beko wanasalimia kaka na mikono nyuma?"

Afande akafikiri, akakubali kwamba hapana.

Nikatafuta mahali pa kuzima huko kusikia vidole, nikazima sauti. Nikatafuta tena, baba akageuka kichwa chini, na shangazi akaguna akiwa tayari mlangoni. Nilipomsimamisha baba sawasawa, sikuthubutu kubonyeza kingine.

Ndipo mke wangu akamfuata shangazi, akakunja pembe ya kitenge chake mpaka ikawa nene, akamwekea kiganjani. "Mpanguse, mama. Amehama juzi tu, ana vumbi."

Shangazi akarudi, akampangusa shavu. Baba hakuondoka. Akampangusa paji la uso, akampangusa masikio, akamwambia mbuzi wao wa kule Nyakiyumbu amezaa. Mfuko akauweka chini. Nilitaka kueleza kwa nini kitambaa kinakubalika na kidole hakikubaliki, nikakumbuka sijui.

Jioni tulikula ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo huohuo, na samaki wa ziwani Hamukungu ambaye afande alimtuma mkewe alete. Shangazi akaomba aongezewe sombe.