Four ya gaz ilikataa kuwaka siku mama mukwe alikuja kumuangalia mujukuu wangu

Wakuu, salamu kwenu wote, wenye wameamka na wenye bado wamelala na simu mukononi.

Iyi habari ni ya kwetu Goma, ilifanyika ndani ya jikoni yangu. Sijaongeza chumvi. Mwenye atasema nadanganya, aje nimuonyeshe ile four, iko pale pale.

Mujukuu wangu anaitwa Furaha. Nimemulea miye koko yake. Kijana mumoja wa Kibumba alimupenda, na mama yake yule kijana akatuma habari: anakuja kutuona yeye mwenyewe pamoja na dada zake.

Nyuma ya ile habari ikakuja ingine, kwa midomo ya watu wa soko.

Eti huyu mama anasema wasichana wa mujini wanajua tu kuuza mu soko ya Birere, kazi ya mikono wanaogopa. Kwao wanafuga ng'ombe. Anataka mukwe, hataki picha ya kutundika ku ukuta.

Nikasema sawa. Atakula kuku ya ku four, na Furaha njo atapika.

Jiko yetu ni ya gaz. Juu iko na moto ine, chini iko na four, ile kisanduku ya kuokea. Juu tunapika kila siku. Chini tulikuwa tunawekaka tu masufuria. (Musinicheke, nanyi munafanyaka vile.)

Basi siku ikafika. Wageni wako njiani. Furaha akatoa masufuria, akafungua buton ya gaz, akaingiza kibiriti.

Puu! Moto ikashika. Furaha akaruka mupaka ku mulango.

Kurudi kuangalia, moto imezima.

Jirani yetu Mama Neema akasema, "Toka, mutoto, wacha watu wazima." Akachuchumaa, akawasha. Puu! Aliruka kupita Furaha, sandali moja ikabakia nyuma. Moto ikazima tena.

Wakuu, hapa tumezoea makala, makaa ya kupikia. Makala hairukiake mutu. Gaz tunaiwasha sawa mutu anatupia mbwa mukali mufupa: mukono iko mbele, miguu imeisha kukimbia.

Njo akaingia Muzee Bahati, shemeji yangu, mudogo wa marehemu bwana yangu. Ni mutu wa heshima, lakini siku ya kuku hakosekanake.

"Juu inawaka?"

"Inawaka."

"Chini haiwake?"

"Haiwake."

Akatikisa kichwa. "Shemeji, iyi ni mazuku."

Kwa wenye hawajue: mazuku ni hewa mubaya yenye inatoka mu udongo wa volkano yetu. Inajificha mu mabonde, inaua mbuzi, inaua mutu, na inazima moto. Haipandake juu. Kwa hiyo maneno ya Muzee ilikuwa na akili. Juu inawaka, chini inakufa!

Nikaangalia paka yangu yenye ilikuwa imelala chini ya meza. Ilikuwa muzima kabisa, inangojea kuku, sawa tu na Muzee.

Kugeuka hivi, namuona amewasha mushumaa, anauteremusha polepole kwenye sakafu, vile tunapimaka mazuku mu shimo.

Nilimunyanganya ule mushumaa, nikauzima na vidole.

"Muzee! Mazuku inaua moto. Gaz ya chupa nayo inakaaka chini, lakini yeye inalipuka na moto! Watu wamefungua buton hapa mara na mara. Unataka tufike mbinguni mbele ya kuku kuiva?"

"Shemeji, unanifokea mbele ya watu?"

"Bado sijakufokea. Toka nje."

Nikafunga chupa, nikafungua madirisha na mulango, nikatoa watu wote mupaka harufu ikaisha. Kisha nikapakaa povu ya sabuni ku mupira ya gaz, ile bomba yenye inatoka ku chupa, kila mahali inaungana. Hakuna povu yenye ilivimba. Mupira muzima.

Pale pale wageni wakaingia. Kuku bado mubichi!

Mama mukwe hakukaa hata ku kiti. Akakuja moja kwa moja jikoni, mikono nyuma.

"Nasikia jiko imewafukuza ndani ya nyumba?"

"Karibu, mama. Tulikuwa tunaiacha ipumue."

Furaha ananiangalia, macho imejaa machozi. Kama kuku haiive leo, maneno ya soko inakuwa ya kweli, na yule kijana atatafutiwa mwingine.

Lakini miye nilikuwa nimeona kitu. Moto ilikuwa inashika kila mara. Ilizima pale tu kidole kilitoka ku buton.

Nikafungua chupa tena. Nikaacha mulango ya four wazi, nikachuchumaa nyuma ya Furaha.

"Washa. Sukuma buton, usiiachilie mupaka nikuambie."

Puu!

Mama Neema, nje. Dada za mama mukwe, nje. Mama mukwe mwenyewe, nyuma ya mulango. Furaha akabaki pale, kidole ku buton. Miye nikasema Baba Yetu polepole, mupaka Amina.

"Achilia."

Moto ikabaki. Bluu, mustari moja.

Mutoto wangu mumoja, mwenye anajua mashini, alinieleza kisha ku simu: ndani kuko kachuma kadogo, kanapaswa kupata moto kwanza. Kama bado, kanafunga gaz yenyewe.

Mama mukwe akatoka nyuma ya mulango, akapanga kikwembe yake kiunoni.

"Kwetu, ng'ombe ikipiga teke, mwenye kuruka anamwaga maziwa. Huyu hakuruka. Atakamua."

Maneno ikaisha pale. Kuku ikaiva. Muzee Bahati akakula sehemu ya watu wawili.

Wakuu, fundisho ni hili: ikikataa, funga gaz, pitisha hewa, pima na sabuni, hapana na moto. Kisha sukuma buton na uvumilie.

Lakini kuko kitu kimoja mama mukwe hakuona. Furaha aliruka, tena na nguvu. Miye njo nilikuwa nimeshika fundo ya kikwembe yake kwa nyuma. Ile kitambaa ni muzuri sana, haikupasuka.

Mwenye four yake imemukimbiza, aandike hapa chini tucheke pamoja. Mwenye atapeleka hii habari Kibumba, nitamujua.