Tairi Nyembamba za Mjomba Mtu

Nyie mnaoniona napita Masasi mjini na gari langu jeupe mnadhani sijawahi kuaibika, basi hii nawapa mwenyewe kabla hamjaipata kwa dada yangu, maana yeye akiieleza anaongeza chumvi.

Shule niliishia darasa la nne, nikaanza na baiskeli kubeba korosho za watu huko Lisekese, leo nina pikapu mbili na gari la kutembelea (sijisifu, ni kweli tu). Sasa mpwa wangu Zainabu, binti wa dada yangu, alikuwa anaposwa nyumbani kwao Newala, na kwetu binti haolewi mpaka mjomba akae mkekani aseme ndiyo. Mjomba ndiye mimi. Nikamwambia dada kwamba hao wakwe, ambao hata sijawahi kuwaona, nitawauliza swali moja tu: kijana wenu atambeba mpwa wangu kwa usafiri gani? Na ili swali liwe na uzito, nikafunga tairi zile nyembamba, za ubavu mfupi na rimu kubwa.

Fundi tairi alinieleza vizuri kwamba zinanata kwenye lami, kwenye kona gari haliyumbi, breki inakamata. Hapo nikawa nimeshatoa simu napiga picha, kwa hiyo habari za mashimo na upepo nilizisikia nusu.

Tukatoka asubuhi mimi na mama yangu. Kwenye lami gari lilitulia, nikajisifia njia nzima, lakini lami ilipoisha kila jiwe mama alilipokea kwa mgongo. "Mwanangu," akasema, "gari lako halina nyama." Nikasimama, nikafanya kama tunavyofanya na pikapu kwenye mchanga wa shambani: nikatoa upepo kidogo kila tairi. Mama akasema afadhali, nami nikajiona injinia.

Mbele kulikuwa na pikapu kuukuu inajikokota na wazee wa kanzu na mbuzi mmoja. Nikaipigia honi mpaka ikaniachia njia, nikawafunika vumbi. Hatukwenda mbali nikaingia shimo, la kawaida tu, pikapu zangu hulipita bila hata kuliona, nikasikia pa, halafu pa, mbele na nyuma upande wa kushoto. Tairi mbili zimechanika ubavuni, spea ni moja. Nikalizunguka lile gari mara tatu sielewi: upepo nimepunguza ili liwe laini, sasa tairi zimepasuka kwa nini? (Baadaye fundi alinieleza kwamba tairi nyembamba haina ukuta wa kumeza shimo, inategemea upepo, na ukiutoa, rimu inaibana kama meno.) Siku hiyo nilisimama tu na kanzu nyeupe, napapasa tairi kama mganga.

Ile pikapu ikatufikia, ikasimama. Hawakunitukana, na hilo likazidi kunichanganya. Mzee wa mbele nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, hakuniuliza jina nami sikulitaja. Akasogea akampa mama nafasi, mimi nikapanda nyuma (mbuzi alishakalia mahali pazuri).

Huko mbele nasikia mama anaongea Kimakonde, wanacheka, sijui wanacheka nini. Tulipoingia Newala nikagonga bodi waniteremshe, lakini gari likakata kona, likakata nyingine, likaingia uani kwa dada yangu kabisa. Nikajiuliza, wamepajuaje hapa? Vigelegele vikaanza, dada akaniona nashuka na mavi ya mbuzi kwenye kanzu.

"Kaka," akasema taratibu, "mbona umekuja na upande wa bwana harusi?"

Hata mimi ndiyo kwanza najua.

Tukakaa mkekani, nami naomba kimoyomoyo shughuli ipite nisije nikamharibia mpwa wangu bahati yake kwa honi yangu. Dada, bila kujua, akanikumbusha mbele ya wote kwamba nina swali. Nikasema sina.

Yule mzee akatabasamu. "Unalo, mjomba, mama ametusimulia lote njiani. Zainabu tutambeba kwa hiyo hiyo iliyokubeba wewe."

Mkeka mzima ukacheka, mama wa kwanza. Nikasema ndiyo, ningesema nini tena?

Zainabu sasa yuko kwa mumewe huko Chiungutwa, na ile pikapu inatembea mpaka leo. Mimi nimerudisha tairi nene, upepo sitoi bila kumuuliza fundi, na kabla sijampigia mtu honi naangalia kwanza kama amebeba mbuzi.