Vitita vya Mchele Ndani ya Boti

Kila aliporudi kutoka Kibombo, mume wangu alichelewa kufika nyumbani kwa sababu ya boti. Watu walikuwa wamekwisha kushusha chumvi na sabuni, wamekwenda zao, naye bado yuko ukingoni anabandua mbao za sakafu na kuziegemeza juani moja moja. Nilimtania kwamba ana mke wa pili asiyependa shuka. Alicheka, akajibu kwamba boti ya mbao ikinyimwa hewa inaoza kwa ndani, na mwenyewe hujui mpaka siku inakuzamisha. Maneno hayo niliyasikia mara nyingi kuliko jina langu, kwa hiyo siwezi kudai sikujua.

Boti yenyewe aliinunua ikiwa imetumika. Alikwenda na seremala wa bandarini, wakaigonga ubao kwa ubao kwa vifundo vya vidole, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hadi muuzaji akawauliza kama wamekuja kununua boti au kupiga ngoma. Alinisimulia hilo kwa majivuno. Hakuna mtu katika mto mzima, alisema, aliyemuuzia yeye ubao mbovu.

Alikufa kwa homa, mvua zilipoanza. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yetu Kasongo, na mambo ya nje akayashika mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye. Siku chache baada ya mazishi alipakiwa kwenye baiskeli mpaka mtoni, akaagiza boti ivutwe nchi kavu, akaifunika yote kwa bashi, lile turubai zito la mizigo. Kamba alizifunga mwenyewe.

“Hakuna mutu ataigusa,” aliniambia aliporudi, viganja vimechubuka. “Mukono ya mutoto yangu njo iliigusa ya mwisho. Utaifungua wewe, siku utatoka eda.”

Ilitosha niseme neno moja: mama, waifungue ipate hewa. Nilinyamaza. Ningeweza kusingizia heshima, na watu wangeniamini, maana sisi tuliotoka Kabambare tunafundishwa mapema kutomjibu mama mkwe. Lakini haikuwa heshima. Nami pia sikutaka mkono wa mtu mwingine uguse alipogusa yeye. Mvua ikanyesha miezi minne juu ya bashi lile, nikiisikia juu ya mabati yetu, nikijua.

Nilipotoka eda, mpunga ulikuwa unavunwa huko Lusangi. Wakulima waliomzoea marehemu walituma habari kwamba watanipa mchele wao niuteremshe mto, mradi boti iwe tayari upesi. Bila safari za mavuno hayo hatukuwa na cha kula, mimi, mama mkwe na watoto. Nikapanda pikipiki pamoja na mama mkwe, tukaenda kufungua.

Nilipokata kamba ya kwanza, harufu ilinipiga usoni. Ilikuwa harufu ya nguo iliyolowa ikasahauliwa sandukuni, na chini yake kitu kizito zaidi, kama uyoga. Maji meusi yalisimama chini ya sakafu. Mama mkwe aliweka kitambaa puani. Nilimchukia. Naandika neno hilo bila kulipunguza, kwa sababu kumchukia yeye kulikuwa rahisi kuliko kujikumbuka.

Tulikumba maji siku nzima. Tukasugua kwa sabuni, kisha kwa majivu, kisha kwa ndimu tulizookota hadi majirani wakaanza kuficha zao. Tukaacha kila kitu wazi juani, tukaweka vikapu vya makaa vinyonye unyevu. Mchana boti ilinukia kama jiko la bibi harusi. Asubuhi yake uvundo umerudi, umekaa mahali pake. Mnunuzi mmoja wa mchele alikuja, akaingiza kichwa, akakitoa.

“Mama, hapa mi siweke mufuko yangu,” alisema. “Muchele inakunywa harufu. Watu watakula nini?”

Maneno yake ndiyo yaliyonipa akili. Kama mchele unakunywa harufu, basi uniambie imetoka wapi. Nilikata kanga kuukuu vipande, nikafunga vitita vya mchele mkavu, kila kimoja na uzi wa rangi yake, nikavitumbukiza kati ya mbavu za boti tangu mbele hadi nyuma. Kesho yake nikavitoa, nikampelekea mama mkwe. Nyumba nzima, yeye ndiye aliyekuwa na pua. Alikuwa na uwezo wa kunusa ungo na kukuambia mchele ulikobolewa lini.

Aliketi kwenye mkeka, akavifungua kimoja kimoja. Uzi mweusi, akatikisa kichwa. Mweupe, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye kijani alinusa, akasimama, akanusa tena kwa muda mrefu.

“Iko hapa,” alisema. “Mbele, chini.”

Tulimwita seremala, yuleyule wa siku ya kununua. Akang’oa mbao za mbele. Mbavu tatu zilikuwa zimegeuka rangi, na kisu chake kilizama ndani kama kinaingia kwenye muhogo uliolowekwa. Akachoma mahali pengine, kikazama. Akajaribu ubao wa chini kabisa, wenye kubeba boti yote, kikazama pia. Alikaa kitako juu ya ukingo akikifuta kile kisu kwenye suruali.

“Hii haiwezi kubeba watu tena,” alisema. “Ilifungwa muda gani?”

Mama mkwe alikuwa amesimama matopeni hadi vifundoni, kile kitita cha uzi wa kijani bado mkononi.

“Ni bashi yangu?” aliuliza. Hakumuuliza seremala. Aliniuliza mimi. “Mukamwana, sema. Ni mimi niliua boti ya mutoto yangu?”

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu nikate kamba. Jibu nilikuwa nalo, lenye makali. Nikamtazama, viganja vile vile vilivyofunga kamba, nikaona kwamba nikimwambia kweli yake lazima nimwambie na yangu.

“Hapana, mama,” nilisema. “Ilikuwa imeoza tangu alipoinunua. Walimudanganya.”

Seremala aliinua macho. Alinitazama mimi, akatazama mbavu, kisha akainama na kuanza kukusanya vyombo vyake. Hadi leo hajasema neno.

Boti tuliivunja, mbao nzima zikauzwa kuwa milango. Sasa nalima mpunga kwenye shamba la watu. Mama mkwe anakula vizuri na kulala vizuri. Wageni wakija anawasimulia, kwa huruma na kicheko kidogo, jinsi mwanawe alivyokuwa mtu mwema asiyejua mbao, jinsi alivyouziwa boti mbovu mchana kweupe. Watoto wangu wanaisikia hadithi hiyo, wakubwa wanaisimulia wenyewe.

“Si ni vile, mukamwana?” huniuliza kila akimaliza.

Nami nampa chai yake mkononi, namwambia ndiyo, mama, ni vile.