Niliambiwa Nisiguse Bitana

Niliingia Sumbawanga na kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya blanketi, na nikatoka nacho vilevile. Katikati ya hapo nilimfukuza kwao mtu ambaye sikuwa nimewahi hata kumwona. Sikumpiga, sikumwibia. Nilisimama kanisani nikalitaja jina lake, basi. Kosa ni langu, na msinitafutie udhuru.

Nilifika huko kwa sababu kiwanda cha nguo nilichokuwa nashonea Dar kilipunguza watu. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa marobota, nani tena anunue shati jipya? Nikazunguka. Morogoro miezi sita, Dodoma mwaka, Tabora sikumbuki. Tabora nikapanda treni ya Mpanda, na Mpanda nikapanda lori la chumvi, nimekalia magunia, blanketi langu mapajani kama mtoto mchanga. Siku mbili. Tulikwama kwenye tope mara sijui ngapi, tukasukuma, tukalala chini ya lori.

Asubuhi ya tatu tulikuwa tumeshapanda juu. Nyasi tupu hadi macho yanapoishia, na upepo wa baridi unaopita ndani ya shati kana kwamba hukuvaa. Mama mmoja kando ya barabara aliniuzia uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapokaa. Kila mahali nilikuwa nasema hivyo, lakini hapo nilimaanisha. Mpaka leo nikiona ulezi sokoni nasimama.

Nikapata kibaraza mtaa wa Majengo. Kule baridi ndiyo iliyonilisha. Kila mtu alitaka koti la mtumba, na makoti yale yalikuwa ya watu wenye mabega mapana na mikono mirefu. Kazi yangu ikawa kupunguza. Napunguza mabega, nakata mikono, nabadilisha bitana iliyochanika, kile kitambaa cha ndani ya koti.

Mezani nilikuwa na kopo la maziwa ya unga. Fundi aliyenifundisha kazi ndiye aliyenizoesha: chochote unachokuta mfukoni mwa mteja kinaingia kwenye kopo, husomi, hukichezei, na siku anapokuja kuchukua nguo unamwagia mkononi. Rozari, tiketi, vifungo, ufunguo. Nilirudisha vitu miaka yote bila kukosea. Kumbe nilikuwa nangoja kukosea mara moja tu.

Kibarazani tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Festo, fundi redio, Mfipa wa vijiji vya upande wa Laela, umri wake kama wangu. Mcheshi sana. Alikuwa akipiga gitaa katika kanisa letu, kanisa dogo la mabati ambalo jina lake sitalitaja. Mimi sikuwa mlokole wa kusema mlokole. Nilikuwa nakwenda kwa sababu ya lile gitaa, na kwa sababu mtu asiye na ndugu mjini anahitaji mahali pa kwenda Jumapili.

Mwinjilisti wetu nitamwita Lazaro. Mtu mfupi, sauti kubwa, baba wa watoto wanne. Hubiri lake la kudumu lilikuwa moja, wanaume wanaolala na wanaume. Mvua isiponyesha, wao. Ugonjwa ukiingia mjini, wao. Sijui alikuwa akiwaona wapi, kwa sababu sisi tulikuwa tunaona mahindi na maharage tu.

Jumapili moja alimsimamisha Festo mbele ya watu wote. Mtu alikuwa amempelekea maneno. Akamwambia aliweke gitaa chini, akamwita kwa lile jina ambalo wote mnalijua, akamwonyesha mlango. Festo akaliegemeza gitaa ukutani taratibu, akatoka. Nami nilibaki nimekaa. Hilo nalo liandikeni.

Kesho yake kibarazani aliwahi kuliko mimi. Nikamwambia pole. Akasema, "Fundi, nipe koleo." Hatukulizungumza zaidi, ila mimi nilikaa nalo miezi.

Ndipo siku moja Lazaro akaniletea koti lake. Koti zuri la sufu, kijivu, alikuwa halivui. Mikono ilikuwa inamfikia vidoleni.

"Fundi, kata mikono tu. Bitana usiguse."

"Mbona hapa kifuani imeshonwa vibaya, mwinjilisti? Nitakurekebishia."

"Nimesema usiguse."

Alipoondoka nikakata mikono. Kisha nikabaki nautazama ule mshono wa kifuani. Uzi mweusi kwenye bitana ya kijivu, hatua ndefu ndefu, kazi ya mtu asiyejua kushika sindano. Fundi yeyote anajua ninachosema: mshono mbaya ukikaa mbele yako unakuwasha. Nilijiambia naufumua nimshonee vizuri, atafurahi. Nikaufumua, na ndani ya bitana mlikuwa na barua.

Hapo kopo lilikuwa mbele yangu, mkono mmoja tu. Nikaifungua.

Ilitoka Kirando, kule ziwani. Aliyeiandika alikuwa mwanamume, mkausha dagaa, na jina lake lilikuwa chini. Nitamwita Kalisto. Walijuana Lazaro alipokwenda kufanya mkutano wa injili. Msidhani ilikuwa barua chafu. Aliandika kwamba dagaa mwezi huo hawakauki kwa sababu ya mawingu. Kwamba mama yake macho yanazidi kuwa mabaya, naye ndiye anayemwongoza kwenda kuoga ziwani. Kwamba koti alilomtumia alilinunua kwa kukisia, huko juu alivae kifua kisimsumbue. "Nakukumbuka kila wanapowasha karabai," aliandika, maana hayo ndiyo mataa ya wavuvi.

Hasira ikanipanda. Niliona kiti cha Festo kitupu kanisani, nikaona kidole cha Lazaro kikionyesha mlango.

Nikamwonyesha Festo. Alisoma mistari miwili, akaikunja, akanirudishia.

"Mrudishie."

"Nimrudishie? Huyu aliyekufukuza wewe?"

"Mrudishie, fundi. Mimi nimeshavuliwa nguo mbele ya watu, najua inavyokuwa. Akisema uongo juu yetu, simama umwambie ni uongo. Mbona siku ile hukusimama?"

Nikainamia cherehani. Akaendelea, "Na huyu wa Kirando amekukosea nini?"

"Sitamtaja."

"Utamtaja. Wewe mdomo wako haujui kona."

Tukacheka, kwa sababu ni kweli. Laiti nisingecheka.

Nikaishona bitana, safari hii vizuri, ndani tupu. Jumamosi Lazaro akalichukua koti likiwa limekunjwa. Jumapili akaja amelivaa. Nilimwona madhabahuni akipeleka mkono kifuani, akabonyeza, akabonyeza tena. Hakusikia mlio wa karatasi. Akanitafuta kwa macho kati ya watu mpaka akanipata. Jicho lile lilikuwa linaniomba. Ningeweza kukaa.

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na kipindi cha ushuhuda. Mtu yeyote anasimama anaeleza alilotendewa, na hakuna wa kumkalisha. Nilisimama. "Bwana asifiwe," nikasema, wakaitikia, nikaisoma barua yote, dagaa, mama, koti, karabai. Nilipofika mwisho nikanyamaza kabla ya jina, kama nilivyokuwa nimemwahidi Festo.

Kisha mzee mmoja wa benchi la mbele akauliza, "Nani kaandika?"

Nami nikamjibu. Jina lake, na la baba yake lililofuatana nalo.

Nilitegemea nini? Nilitegemea Lazaro atatoka kwa mlango uleule, Festo atarudi na gitaa lake. Ndiyo hesabu niliyokuwa nimepiga. Nilikuwa nimekaa katika kanisa lile miaka miwili na sikuwa nimelielewa hata kidogo.

Lazaro alishuka madhabahuni. Akavua koti, akalitupa sakafuni, akapiga magoti.

"Wapendwa, ni kweli. Yule mtu alinitega. Nilikwenda kuokoa roho, pepo lake likanivaa. Leo Mungu amemtumia fundi wetu kunifungua."

Kina mama wakaanza kulia. Wazee wakamwekea mikono. Wimbo ukaanza, watu wakapiga makofi, na mimi pia nikashikwa bega na kuombewa na kushukuriwa. Kushukuriwa! Walikuwa wanampenda Lazaro kuliko nusu saa iliyopita. Kwao mhubiri aliyeanguka akainuka ni mkubwa kuliko asiyeanguka, na ushuhuda ndio ngazi. Nilimpa ngazi mikononi. Kalisto hakuwapo kujishuhudia, kwa hiyo dhambi yote ikabebeshwa yeye.

Barua wakaichoma mlangoni. Koti walitaka kulichoma pia, nikasema nitalitumia kwa viraka, nikaondoka nalo.

Jumatatu Festo alikuwa amehamishia meza yake ng'ambo ya barabara. Nikamfuata.

"Festo."

"Redio yako imeharibika?"

"Hapana."

"Basi niache nifanye kazi."

Kazi yenyewe haikudumu. Baada ya ushuhuda ule watu walianza kutafuta wengine, na wa kwanza kukumbukwa alikuwa yeye. Wateja wakakoma. Mwenye nyumba akamtaka aachie chumba. Siku aliyopanda gari la Mpanda sikuambiwa.

Majuma matatu baadaye, saa sita mchana, alikuja mtu kibarazani amevaa shati la mikono mifupi, kitambaa chepesi cha watu wa ziwani, anatetemeka. Furushi moja mkononi.

"Wewe ndiye fundi uliyesoma?"

Nikajua. "Ndiyo, kaka."

"Nimekuja kuchukua barua yangu."

"Waliichoma."

Akakaa kwenye kiti alichokiacha Festo bila kukaribishwa. "Uliisoma yote?"

"Yote."

"Hata ya mama?"

"Hata hiyo."

Akatikisa kichwa. Habari ilishuka Kirando na lori lililokwenda kupakia dagaa. Kaka zake walivunja vichanja vyake vya kuanikia dagaa. Wakamwambia mtumbwi ni wa baba, na baba hana mtoto kama yeye. Hayo aliyaeleza kama mtu anayeeleza mvua. Lililomshinda ni moja.

"Mama anaoga wapi sasa? Nilitaka kumpeleka asubuhi, akautoa mkono wake."

Nikataka kusema samahani, likawa neno dogo kama kifungo.

Akauliza, "Koti lilimkaa?"

"Nilikata mikono. Ni mfupi kuliko ulivyodhani."

Akacheka kidogo. "Nilimkisia kwa macho."

Nikalitoa koti chini ya meza nikampa. Akalivaa hapohapo, maana baridi ilikuwa imemzidi. Mabega yalimkaa, lakini mikono ya koti ilimwishia kabla ya kufika kwenye viganja, pale nilipokata. Alikwenda stendi kupanda gari la Tunduma hivyo, viganja na mifupa ya mikono vikiwa nje. Hakuniaga. Alikokwenda sijui mpaka leo, na nimeuliza Tunduma, nimeuliza Mbeya.

Siku moja nilimkamata Lazaro sokoni. Nikamwuliza kwa nini alimtupia Kalisto yote. Alitazama kulia na kushoto, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia madhabahuni, ndogo, imechoka: "Ulitaka niseme nini, fundi? Nina watoto wanne. Uliniachia mlango mmoja, nikapita." Watu wakakaribia. Akapaza sauti, "Bwana asifiwe, fundi!" akaendelea kuchagua nyanya.

Nilimchukia, bado namchukia, lakini mlango huo mmoja nilimwachia mimi.

Miezi michache baadaye nilifunga kichwa cha cherehani kwenye blanketi. Nilikuwa nimesema hapa ndipo nitakapokaa, na kwa mara ya kwanza maishani sikuondoka kwa sababu ya miguu kuwasha. Lori lilipita mbele ya kanisa. Siku hizo walikuwa wamefunga spika juu ya bati, na Lazaro alikuwa akishuhudia, kama alivyokwisha kushuhudia Laela na Namanyere. Alifika pale anapomtaja aliyemtega. Akalitaja jina la Kalisto, na la baba yake likifuatia, katika mpangilio uleule nilioutumia mimi. Baridi ilikuwa kali, dereva akapandisha kioo, na bado nikasikia.

Ninyi mnaosoma, najua wapo kina Lazaro huko mliko. Wanasema mchana yale wanayoyaogopa ndani yao, na inakera, na siri yao ikikuangukia mkononi unajiona umetumwa. Mjibuni kwa yale anayoyasema. Simameni siku anapomwonyesha mtu mlango, siku hiyohiyo, mbele yake. Mimi siku hiyo nilikaa, nikaja kusimama siku isiyo yangu na barua isiyo yangu.

Kopo ninalo mpaka sasa. Kila kitu kinachoingia humo kinarudi kwa mwenyewe. Mteja akiniambia bitana usiguse, siigusi, hata mshono uwe mbaya namna gani.